Kiwanja na Kuta: Maskani ya Watu katika Mji wa Unguja

Mji wa Unguja umesimama juu ya jambo moja ambalo wageni hulistaajabia na wenyeji huliona la kawaida, yaani kwamba mtu aweza kuwa na nyumba bila ya kuwa na ardhi iliyo chini yake. Kuta ni za mmoja, kiwanja ni cha mwingine, na mnazi ulioko uani huenda ukawa wa mtu wa tatu. Desturi hii ni kongwe pwani, wala haigombani na fikira za sheria ya Kiislamu, ambayo haioni taabu kulitenga jengo na udongo wake. Sheria ya Kiingereza ina nia nyingine. Kwayo, kilichoshikamana na ardhi kimekuwa sehemu ya ardhi, na mwenye ardhi ndiye mwenye nacho. Taabu nyingi za makazi katika mji huu, toka siku za masultani hata siku hizi za mahoteli, zimezaliwa katika pengo lililo baina ya fikira hizi mbili. Na mtafiti anayeanza habari zake kwa kuhesabu vyumba na kodi, pasipo kuuliza kiwanja ni cha nani, atafika mbali lakini hatafika penyewe.

Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, katika miaka ya 1830 na 1840, rasi ya Shangani ilikuwa na nyumba za mawe chache na mabanda mengi. Katika nusu karne iliyofuata fedha ya karafuu, pembe na watumwa ilijenga majumba marefu ya matumbawe na chokaa, yenye madaka na milango ya nakshi ambayo wapiga picha wa leo hawachoki nayo. Lakini si kweli kwamba upande wa mawe ulikuwa wa matajiri watupu. Ramani za mwisho wa karne ya 19 zinaonyesha mabanda ya makuti yaliyotapakaa baina ya majumba, na ndani ya majumba yenyewe kila daraja la watu lilikuwa na tabaka lake: mabwana juu, watumishi na ghala chini. Tajiri na fukara walisikiana kukohoa usiku.

Ng'ambo ya hori, palipovukwa kwa daraja lililouachia mtaa wa Darajani jina lake, watu walijenga kwa fito, udongo na makuti. Hapo walikaa mahamali, wavuvi, mafundi, vibarua wa karafuu, Wangazija, Wamanyema, Waswahili wa mrima, na baada ya mwaka 1897, utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba, wengi waliotoka mashambani kutafuta kazi na heshima mpya. Miembeni, Kikwajuni, Kisiwandui, Mchangani, Mlandege na Vikokotoni ni majina yao. Viwanja walivyojengea vilikuwa vya watu wengine. Zamani, mwenye kiwanja hakutaka fedha, alitaka watu. Mtu aliyejenga katika ardhi ya bwana fulani alihesabiwa kuwa mtu wake, akamjia siku ya harusi na siku ya msiba, na hilo lilitosha kuwa malipo. Haikuwa hisani, wala haifai kuipamba: ilikuwa njia ya kumfunga mtu kwa uzi mwembamba baada ya mnyororo kukatwa. Lakini yule aliyefungwa alikuwa na pa kulala.

Kulikuwa na kinga nyingine, nayo ni wakf. Mwenye nyumba aliyeiweka wakf aliiondoa sokoni: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi; ila manufaa yake hutumika kwa wale aliowataja. Wengine waliweka wakf kwa ajili ya misikiti. Wengi waliwataja dhuria zao, na baada ya hao maskini, na si haba waliotaja watumwa waliowaacha huru pamoja na vizazi vyao. Kwa njia hii mjane, yatima na mwana wa mjakazi waliweza kukaa katikati ya mji, mahali ambapo kodi ya soko isingaliwaruhusu hata kupumzika barazani. Serikali ya Waingereza ilipoweka kamisheni ya kusimamia wakf, mwanzoni mwa karne ya 20, ilizitazama nyumba hizi kwa jicho la karani: iko nyumba, yako mapato, ziko gharama. Kwa hesabu hiyo, nyumba inayokaliwa bure na kikongwe ni hasara. Hapana shaka makarani wale walikuwa waaminifu katika kazi yao. Na ndipo penye huzuni, kwa kuwa daftari lao halikuwa na safu ya kuandikia kile ambacho mweka wakf alikikusudia.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza mambo yalibadilika Ng'ambo. Mabwana wa zamani walikuwa wamezama katika madeni, na viwanja vikapita mikononi mwa watu ambao hawakuwa na haja ya wafuasi. Hao walitaka kodi kila mwezi, na kila mji ulipojaa kodi ilipanda. Mwenye banda alijikuta katika hali ngumu. Alikuwa na nyumba yake mwenyewe, ameikandika kwa mikono yake, ameiezeka kwa fedha yake. Lakini akishindwa kulipa kodi ya kiwanja aliweza kushtakiwa, na mahakama iliyofuata fikira za Kiingereza haikuona ugumu kumwambia aondoke. Na banda haliondoki. Anayeondoka huacha kuta nyuma yake.

Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo walikataa. Hawakuandika vitabu wala kuunda chama kikubwa. Waliacha kulipa kodi ya viwanja, mtaa kwa mtaa, na wenzao walipokamatwa walikwenda kwa wingi kuwatoa. Hoja yao ilikuwa nyepesi kusema na nzito kujibu: ardhi ni ya Mungu, na nyumba ni ya aliyeijenga. Serikali, iliyokuwa imezoea kuyahesabu malalamiko ya Ng'ambo kuwa kelele za soko, ililazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi za viwanja zisipandishwe ovyo. Katika mwaka huo huo Siti binti Saad, aliyekuwa akikaa Ng'ambo, alikwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri kwa mara ya kwanza. Vitabu vya historia huyaandika mambo haya mawili katika sura mbalimbali, moja kwa wanasiasa na moja kwa wapenzi wa taarabu, kana kwamba waliogoma mchana na waliosikiliza usiku walikuwa watu wawili.

Wakati huo wakubwa wa serikali walikuwa na mpango wao. Mwaka 1923 Mwingereza Henry Vaughan Lanchester, bingwa wa kupanga miji, alitoa kitabu juu ya mji wa Unguja, akaugawanya kwa kalamu yake katika sehemu za namna mbalimbali za watu. Sehemu kubwa ya mpango ule haikutekelezwa, lakini fikira yake ilidumu: kwamba upande wa mawe ndio mji, na Ng'ambo ni jambo la kutengenezwa. Katika miaka ya 1940, Eric Dutton alipokuwa Katibu Mkuu wa serikali, fedha za maendeleo zilijenga nyumba chache za mfano na jengo la starehe la Raha Leo. Kisha ukaja mpango wa Kendall na Mill, uliochapishwa mwaka 1958. Hayo yote yaweza kupitwa upesi, kwani mkaazi wa kawaida wa Kisimamajongoo aliyapita upesi vilevile. Aliendelea kulipa kodi ya kiwanja.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliikata fundo hii kwa pigo moja. Mwezi wa Machi mwaka huo Sheikh Abeid Amani Karume alitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya serikali. Kodi ya viwanja ikafa. Kwa mwenye banda wa Ng'ambo ushindi ulikuwa kamili: lile lililodaiwa mwaka 1928 lilikuwa limepatikana. Majumba ya Mji Mkongwe ambayo wenyewe walikimbia au walinyang'anywa yaligawiwa kwa watu wa Ng'ambo na wa mashamba, chumba kwa chumba, kwa kodi ndogo mno au bila ya kodi. Wapo walioikumbuka siku hiyo kwa furaha maisha yao yote, na wapo walioikumbuka wakiwa Maskati, Dubai au London, kwa machozi. Na mwanahistoria mwadilifu hawezi kuchagua kumbukumbu moja akaitupa nyingine. Ndipo pia yalipoanza majengo makubwa. Kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki zilijengwa nyumba za Kikwajuni na Kilimani, na karibu na mwaka 1970 zikaanza zile za Michenzani, safu ndefu za ghorofa zinazokaribia mita 300 kila moja, zilizopangwa msalaba katikati ya Ng'ambo. Waliobomolewa mabanda yao walipewa vyumba humo bure. Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, kazi ikiwa haijakwisha, na sehemu kubwa ya mpango ule mkubwa haikujengwa kamwe.

Wenye kuzicheka nyumba za Michenzani ni wengi. Husemwa kwamba hazina ua, kwamba bibi kizee hawezi kupanda ngazi, kwamba maji hayafiki juu. Yote hayo ni kweli. Lakini yafaa kukumbukwa kwamba katika historia yote ya mji huu, hiyo ndiyo mara ya pekee ambapo mwenye nguvu alijenga nyumba nyingi katikati ya mji kwa ajili ya watu wasio na fedha, akawapa funguo.

Upande wa mawe, jambo jingine lilikuwa likitendeka kimya kimya. Nyumba ya Mji Mkongwe si jiwe tupu kama jina linavyodanganya. Kuta zake nene ni vipande vya matumbawe vilivyofungwa kwa chokaa na udongo, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba. Ndiyo maana ukumbi wa tajiri waweza kuwa mrefu kama ushoroba lakini si mpana zaidi ya hatua chache. Nyumba hii ina adui mmoja, naye ni maji. Paa likivuja masika mbili tatu, maji huingia ndani ya ukuta yakaila chokaa. Ncha ya boriti iliyomo ukutani huoza pasipo kuonekana. Kisha siku moja dari huanguka, na ukuta uliokuwa ukishikwa na dari hufuata. Dawa yake ni ndogo na ya kila mwaka: chokaa kabla ya mvua, mfereji usafishwe, boriti mbovu ibadilishwe. Sasa nyumba moja ilikaa jamaa sita au kumi. Paa lilikuwa la nani? Aliyekaa chini hakuliona. Aliyekaa juu alisema nyumba ni ya serikali. Serikali ilikuwa ikikusanya kodi isiyotosha kununulia chokaa. Kwa hiyo rehema yenyewe, yaani wepesi wa kodi, iligeuka kuwa mchwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 nyumba zilianguka moja baada ya moja, na mahame yakawa mabustani ya mipapai na majalala.

Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, na katika siku hizo hizo serikali ilifungua milango ya biashara na utalii. Yalikuwa mambo mawili yaliyozaliwa pamoja kama pacha, na tangu hapo hayajaachana. Serikali ilianza kuuza baadhi ya nyumba zake, kwa hoja iliyokuwa na maana: kwamba mwenye nyumba hutia chokaa, na mpangaji wa serikali hatii. Wanunuzi walipatikana. Katika miaka ya 1990 Francesco Siravo na wenzake, kwa udhamini wa taasisi ya Aga Khan, waliandaa mpango wa hifadhi ambao kwa uangalifu wake hauna mfano katika pwani hii. Na mwaka 2000 UNESCO ikauandika Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba zilizokuwa zikianguka zilisimama tena. Lakini ziliposimama hazikuwa nyumba tena. Zilikuwa mahoteli, maduka ya vinyago, mikahawa ya juu ya paa, na vyumba vinavyolipiwa kwa usiku mmoja kiasi ambacho mwalimu wa skuli angeona ni mshahara wa siku nyingi.

Jamaa kumi waliokuwa humo walitoka kwa njia mbalimbali. Wengine walilipwa fedha ya kuhamia, wakaiona nyingi siku waliyoihesabu na kidogo siku waliyoulizia bei ya kiwanja. Wengine walipewa muda. Wengine waliona kodi ikipanda, na kisima cha jirani kikifungwa, na duka la unga likigeuka duka la manukato, na madrasa ya watoto ikihamia mbali, hata wakajiondokea wenyewe. Na huyu wa mwisho hana wa kumshtaki, maana hakufukuzwa na mtu. Mtaa uliweza kuhama hivyo, nyumba kwa nyumba, Shangani kwanza, kisha Kiponda na Hurumzi, pasipo siku moja ambayo mtu angeweza kuitaja na kusema: siku hii tuliondolewa.

Mtazamaji akipita usiku atasema kwamba Unguja haina watu wasio na makazi, kwa kuwa walalao barabarani ni wachache. Atakuwa ameona, lakini hakuelewa. Mswahili aliyekosa nyumba hupotelea katika ukoo wake. Hulala ukumbini kwa mjomba, na watoto wake kwa shangazi. Mkewe hurudi kwao "kwa muda". Vijana hulala barazani au klabuni, na mchana hurudi kuoga. Chumba kimoja hulala watu kwa zamu. Aibu huficha hesabu, na ukarimu huificha zaidi. Serikali yenye kutegemea ukarimu huo yaweza kudhani kwamba haina deni, ilhali ni mjomba anayelilipa kila usiku.

Wenye nguvu kidogo walikwenda pembeni. Baada ya Mapinduzi serikali iliwagawia wakulima ardhi eka tatu tatu, wailime wala wasiiuze. Mji ulipozifikia eka hizo, mkulima aliyekuwa na haja ya fedha alikutana na mtu wa mjini aliyekuwa na haja ya maskani. Ardhi haiuziki, kwa kuwa ni ya serikali. Lakini miti iliyomo ni mali ya mtu, na msingi wa nyumba ni mali ya mtu. Basi mkulima aliuza minazi mitatu, au msingi wa mawe uliojengwa wiki iliyopita, na wote wawili walijua kinachouzwa. Desturi kongwe ya kutenga kiwanja na kuta, iliyokuwa fimbo ya mwenye ardhi mwaka 1928, iligeuka kuwa ufunguo wa mnyonge. Hivyo ndivyo mashamba mengi yalivyogeuka mitaa, bila ya ramani, bila ya mifereji, bila ya njia ya gari la wagonjwa; na mvua za masika zinapokuja, maji hudai njia yake ya zamani katika Mwanakwerekwe na kwingineko, yakaingia majumbani. Sensa ya mwaka 1958 ilihesabu watu 299,111 katika Unguja na Pemba. Ya mwaka 2022 ilihesabu 1,889,773. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo la mjini ilibebwa na eka tatu, si na mipango.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilianguka ilipokuwa ikitengenezwa, na watu wawili wakafa. Dunia ilisikitika, na ilistahili. Lakini majumba yasiyo na jina yalikwisha anguka mengi kabla yake, na yaliyosalia kwa ajili ya wakaazi wa kawaida ni hasa yale ya wakf na yale ya serikali, ambayo hayajauzwa. Humo bado wamo wajane na mafundi wanaolipa kodi ndogo, chini ya paa zinazovuja. Ikiwa zitatengenezwa kwa fedha ya mnunuzi, watatoka. Ikiwa hazitatengenezwa, zitawaangukia. Njia ya tatu, ya kutengeneza kwa fedha ya umma na kumwacha mkaazi ndani, ni ghali, lakini si ndoto: wakf ilikuwa ni njia hiyo hiyo, na mji uliiendesha kwa vizazi kadhaa. Hoteli zenye kuuza usiku mmoja wa nakshi na madaka zinauza kitu ambacho hazikukijenga. Kuzitoza fungu la chokaa kwa ajili ya nyumba za jirani si dhuluma. Ni kodi ya kiwanja, ikilipwa safari hii na mwenye nacho.

Mwaka 2010 Zanzibar ilipata sheria ya kumiliki nyumba za ghorofa sehemu kwa sehemu, nayo ikafungua njia hata kwa mgeni kununua makazi katika miradi iliyoidhinishwa. Miradi hiyo imesimama zaidi kusini ya mji, huko Fumba, alikozaliwa Siti binti Saad. Kiwanja kinabaki cha serikali. Kuta ni za mnunuzi, kwa hati iliyopigwa muhuri, ambayo benki inaikubali na mahakama inaitambua. Ni mpango ule ule wa mwenye banda wa Kikwajuni. Yeye hakupata hati, na mjukuu wake anayefanya kazi ya kufagia huko Fumba hurudi jioni kwa daladala kulala Mwanakwerekwe, katika nyumba ambayo karatasi zake zinasema kwamba aliuziwa minazi.